Nyama Aliila na Nini? Juu ya Kumsimulia Mbegha Upya katika Hadithi Fupi na Ushairi

Nikiwa mwaka wa pili niliandika hadithi fupi kuhusu Mbegha, nikaiita "Simba wa Vugha". Ilikuwa na kurasa sita, mbwa wakali, ukungu wa milimani, na simba aliyekufa kwa mkuki mmoja. Wenzangu wa semina waliisifu sana. Likizo ilipofika nikaenda nayo nyumbani Gare, nikamsomea bibi yangu jioni moja akichambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza hata mara moja. Anayeijua hadhira ya masimulizi atakubali kwamba hiyo si dalili njema. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Na ile nyama, aliila na nini?"

Nikacheka. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, hadithi yangu inahusu ushujaa. Akatupa punje mbovu pembeni, akasema: "Basi hiyo si ya Mbegha, mume wangu. Hiyo ni ya mwindaji yeyote."

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile. Imenichukua muda kutambua kwamba bibi, ambaye hajawahi kukaa kwenye mhadhara wa nadharia ya fasihi, aliihakiki kazi yangu vizuri kuliko semina nzima. Nakusudia kuonesha kwamba wengi wetu tunaovisimulia upya visasili vya kwetu tunamchukua shujaa na kuliacha lile lililompa maana. Na kwamba hadithi fupi na shairi, kila moja kwa njia yake, zinaweza kulirudisha. Mfano wangu ni mmoja, kwa sababu huo ndio ninaoujua na ndio niliouharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisa chenyewe

Kwa msomaji asiyetoka Usambara, kisa kwa muhtasari ni hiki. Mbegha alizaliwa nchi ya Nguu. Alipoota meno, ya juu yalitangulia. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na mila ya kale katika jamii nyingi za huku ilimhesabu kuwa mkosi: akiachwa hai, ndugu zake watakufa, kwa hiyo afe yeye. Mbegha hakuuawa. Alikua, lakini ndugu zake wakamnyima urithi. Akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, yeye na mbwa wake. Alipofika Kilindi akafanya urafiki mkubwa na mtoto wa mtawala wa pale. Wakatoka kuwinda pamoja, kijana yule akauawa na nguruwe. Mbegha akakimbia, akapitia Zirai, akaingia katika milima ya Usambara. Huko aliwapa Washambaa nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akaoa Bumbuli. Mwisho akaitwa Vugha, akaua simba usiku, na watu wakamfanya mtawala wao. Alipokufa, alirithiwa na Bughe, mwana wa yule mke wa Bumbuli. Uzao wake ndio Wakilindi walioitawala Usambara tangu karne ya 18, na mfalme wao akaitwa Simba Mwene.

Darasani tunapenda kuanza kwa kubishana: hiki ni kisasili au kisakale? Mulokozi katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" (Mulika, 1989) alitutengea vizuri visasili na masimulizi ya kihistoria, na mgawanyo ule umetusaidia wengi kufaulu mitihani. Lakini Mbegha anakaa mpakani. Bumbuli na Vugha ni mahali unapofika kwa basi; meno ya juu na simba wa usiku ni mambo ambayo hakuna basi linalokufikisha. Mimi naliita kisasili kwa sababu ya kazi yake. Kinaeleza kwa nini watu waliokuwa na mashamba yao na wazee wao walikubali kutawaliwa na mgeni. Hilo ni swali la asili ya mamlaka, na swali hilo halijazeeka.

Je, tunaharibu urithi?

Wapo wanaodai kwamba kusimulia upya ni kuharibu asilia. Nawauliza, asilia ipi hiyo? Mbegha tunayemsoma kwa Kiswahili ametoka katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa upya mwaka 1962 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Abdallah hakumwona Mbegha. Habari za mwanzo alizisikia, akazichagua, akazipanga, akazitia katika Kiswahili cha pwani. Kumbe naye ni msimuliaji upya kama sisi, ila ametuzidi kwa mbali.

Tazama pia alizipanga lini. Krapf alipofika Vugha mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi kubwa. Kimweri alikufa mwaka 1862. Baada yake Wakilindi waligombana wao kwa wao, vita vikaingia, raia wakakamatwa na kuuzwa utumwani, na hatimaye Wajerumani wakaja wakaikuta nyumba imeshapasuka. Abdallah aliishi katika mapasuko hayo na aliwajua wakubwa wake kwa karibu. Kwa hiyo msomaji anayekifuata kitabu mpaka mwisho hawezi kuusahau mwanzo wake: ukoo ulioingia nchini kwa kugawa nyama unaishia kwa kuuza watu. Sisemi kwamba mwandishi alikusudia funzo hilo. Nasema mpangilio wake unalibeba, na kwamba kila anayesimulia upya huwa anasema na zama zake, atake asitake.

Kama ni hivyo, swali la kuharibu urithi halina uzito tunaolipa. Swali zito ni hili: msimuliaji wa leo ameona nini ndani ya kisa ambacho wenzake waliomtangulia walikuwa na sababu ya kutokigusa?

Nyama na ndizi

Sasa nirudi kwenye swali la bibi. Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu ufalme wa Washambaa, alitumia kurasa nyingi kuchambua masimulizi ya Mbegha, na moja ya mambo aliyoyatilia mkazo ni ubadilishanaji huu wa nyama na chakula cha shambani. Zamani, kabla mahindi hayajashika nafasi, chakula kikuu cha Usambara kilikuwa ndizi. Nyama inatoka porini; ndizi zinatoka penye nyumba, penye mama, penye mtu aliyepanda mwaka juzi akijua atavuna mwaka huu. Anayekula nyama tupu ni mtu wa porini. Anayekula nyama kwa ndizi ana jirani.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiacha. Katika "Simba wa Vugha" Mbegha wangu anakula peke yake kando ya moto, hodari, mwenye huzuni, kama wale mashujaa wa filamu za kichina tulizokuwa tukitazama utotoni. Anamuua simba, watu wanapiga magoti. Mamlaka yake yanatoka kwenye mkuki. Lakini katika kisa anachokijua bibi, simba ni jambo la mwisho. Kabla ya simba kuna siku nyingi za mtu kushuka na paja la nguruwe na mtu mwingine kupanda na mkungu wa ndizi. Kabla ya simba kuna binti wa Bumbuli aliyepewa huyo mgeni, akampikia. Watu walishamjua Mbegha kwa mkono wake wa kutoa na mkono wake wa kupokea, ndipo wakamwita.

Niende hatua moja zaidi, na hapa nasema kwa niaba yangu mwenyewe. Kisa kinaanza na mtoto ambaye ndugu zake wa damu walimhukumu kufa, kisha wakamnyima mali. Kinaendelea na watu wasiomjua, wasiojua lolote kuhusu meno yake, ambao walimpa chakula. Ndugu walimnyima, wageni wakampa. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, kigego upande huu na ndizi upande huu, unapata kisa kizima. Ukimwacha simba tu, unapata bango la sinema.

Wala wakulima wa Usambara hawakuhitaji chuo kikuu kulijua hili. Feierman huyohuyo, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wakulima wenye fikra wa Usambara, anaeleza jinsi watu walivyoyapima matendo ya watawala kwa maneno mawili ya Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa hifadhi ya ardhi katika bonde la Mlalo, na watu wakalazimishwa kulima matuta, ubishi uliozuka ulikuwa wa kilimo na ulikuwa vilevile wa kisasili: hawa wanaotutawala, wanaiponya nchi au wanaiharibu? Walikuwa wakiyasimulia upya mapatano ya kale bila kuandika hadithi hata moja. Mwaka 1963 machifu waliondolewa madaraka, na wapo waliodhani maneno yale nayo yataondoka. Hayakuondoka.

Magonjwa mawili ya kazi zetu

Nimesikiliza kazi nyingi za wanafunzi kwenye vikao vya jioni, na zangu nazihesabu humohumo. Naona magonjwa mawili.

La kwanza ni kumhamisha shujaa. Mbegha anashuka Ubungo na begi mgongoni, simba ni tajiri fisadi, mkuki ni kalamu ya mwandishi wa habari. Mandhari yamebadilika, lakini mtu ni yuleyule mmoja anayeokoa wengi wasio na majina. Msomaji anafurahi kwa kutambua nani ni nani, kama anayetegua kitendawili chepesi, kisha anafunga ukurasa.

La pili ni kumhifadhi. Hapa lugha inapakwa mafuta, "hapo zamani za kale" zinajaa, kila kitu ni cha heshima, na mtu anasimama kama kinyago cha makumbusho. Mwandishi anaogopa kukigusa kisa kisije kikavunjika. Jamani, kisa kilichopita mikononi mwa mabibi wote wale hakivunjiki kirahisi!

Magonjwa haya yanaonekana kupingana, lakini mzizi wao ni mmoja. Yote mawili hayamwulizi shujaa chochote.

Hadithi fupi: mbele ya maiti ya rafiki

Katika fasihi yetu aliyetufundisha kumwuliza shujaa ni Ebrahim Hussein. Kinjeketile (1969) ni tamthilia, si hadithi fupi, lakini somo lake linatufaa. Hussein hakumleta Kinjeketile mjini wala hakumfanya sanamu. Alimtia shaka ndani ya kifua. Je, maji haya ni kweli? Na kama si kweli, nina haki ya kuwaambia watu waliokwisha kuungana kwa ajili yake? Mbogo naye alipomchukua Ng'wanamalundi wa Usukuma katika Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988) alituonesha kwamba hata gwiji wa simulizi za watu anaweza kupandishwa jukwaani akabeba hoja ya leo. Tamthilia zetu zimethubutu. Hadithi fupi bado inasuasua.

Sababu moja, nadhani, ni kwamba tunaipa hadithi fupi mzigo wa riwaya. Tunataka Mbegha azaliwe, akue, akimbie, aoe, atawale, afe, vyote katika kurasa sita. Hadithi fupi haina nafasi hiyo, na isiitafute. Nguvu yake ni kuchukua saa moja ambayo msimuliaji wa kale aliipita kwa sentensi moja, ikakaa humo.

Saa hiyo kwa Mbegha ipo Kilindi. Kijana wa mtawala amelala chini, nguruwe amemrarua, mbwa wanabweka. Masimulizi yanasema: akafa, Mbegha akakimbia. Lakini ngoja kwanza! Utabiri wa kigego ulisemaje? Ulisema wa karibu naye watakufa. Maisha yake yote Mbegha amekataa kuliamini jambo hilo, maana kuliamini ni kukubali kwamba waliotaka kumuua walikuwa na haki. Na sasa mtu aliyempenda kama ndugu amekufa akiwa ubavuni pake. Je, walisema kweli? Mimi ndiye niliyemuua, mimi na meno yangu?

Tukumbuke Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles ambayo Samuel Mushi alitupatia kwa Kiswahili mwaka 1971. Naye ni mtoto aliyehukumiwa kufa kwa sababu ya utabiri, akaokoka, akalelewa ugenini, akaushinda mnyama wa kutisha, akapewa ufalme. Tamthilia nzima ni kuchunguza kama utabiri ulikuwa kweli, na jibu lake ni ndiyo, tena ndiyo ya kutisha. Kisasili chetu kinakwenda njia nyingine. Maiti ya Kilindi inaweka swali lilelile, lakini jibu halitolewi kwa uchunguzi. Linatolewa na watu wa Usambara wanaoleta ndizi. Hawakusema "huna hatia". Walisema, kwa vitendo, "kula". Mwandishi wa hadithi fupi atakayeweza kuziunganisha saa hizo mbili, ya maiti na ya chakula, bila simba kuonekana hata mkia, atakuwa ametuandikia Mbegha ambaye bado hatujamsoma.

Nimejaribu. Hadithi yangu ya pili inaitwa "Mkungu", na mhusika wake mkuu ni mzee anayepanda mlima akiwa na mkungu wa ndizi begani, hajui kama huyo mtu wa porini ni mtu kweli. Haina damu. Wenzangu wa semina walisema imepoa. Labda.

Ushairi: aliyenyamaza

Ushairi unanipa taabu zaidi. Mapokeo yetu yana chombo kilichotengenezwa mahsusi kwa mashujaa, nacho ni utenzi. Nilianza nacho:

Mbegha akashika njia
Mbwa wakamfuatia
Simba akaangamia
Vugha wakamtawaza.

Mizani minane kila mstari, vina vimekaa. Ubeti ni safi, na ni mtupu kabisa. Mwendo wa utenzi umeniburuta: kila mstari umeleta tendo, kila tendo limemtukuza mtu, na hakuna mahali pa kusimama nikauliza.

Lakini nisiulaumu utenzi kwa udhaifu wangu. Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliunakili mwaka 1913, una mahali ambapo mwendo wote ule unasimama. Liyongo amechomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anakwenda hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, anafia hapohapo akiwa katika hali ya kulenga. Watu hawajui kwamba amekufa. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Ndipo mama yake anaombwa aende kumbembeleza. Mama anasimama mbele ya mwanawe na kumsemesha, naye hajibu. Katika sifa zote za Liyongo hakuna inayonishika kama mama yule anayebembeleza maiti ili mji upate maji. Kwa hiyo utenzi unaweza, mradi mtunzi ajue pa kusimama.

Mbegha pia ana kifo cha namna hiyo. Simulizi inasema kifo chake kilifichwa mpaka Bughe alipoletwa kutoka Bumbuli. Wafu wawili, mmoja wa pwani, mmoja wa milimani, na wote wanaushika mji kwa ukimya wao. Hapo pana shairi, na namwachia mwenye kipaji zaidi yangu.

Mimi nilivutwa na ukimya mwingine. Sisi wa Gare tumelelewa kwenye kivuli cha misheni iliyoanzishwa na Watrapisti mwishoni mwa karne ya 19. Kabla sijamjua Mbegha nilimjua Musa. Nilijua mama yake alimficha miezi mitatu, alisuka kikapu, alikipaka lami, alimweka dada mtu avizie kwenye matete. Mama wa Musa ana mikono. Mama wa Mbegha, katika masimulizi niliyoyasoma na kuyasikia, hana hata neno moja. Lakini kuna mtu aliyeyaona meno yale kwanza! Kuna mtu aliyekaa nayo usiku ule kabla ukoo haujajua. Nikauacha utenzi, nikachukua njia ile ambayo Kezilahabi aliifungua kwa Kichomi (1974) na iliyowagombanisha walimu wa walimu wetu kwa miaka mingi. Nikaandika hivi:

Meno mawili ya juu
yalinichungulia kabla ya jua.
Nikayafunika kwa kidole,
nikaimba kwa sauti,
ili wifi asimchekeshe.

Sidai kwamba ni shairi kubwa. Nadai tu kwamba limeuliza jambo ambalo ubeti wangu wa kwanza haukuweza kuliuliza. Wala siuoni ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko ukitusaidia hapa. Umbo linachaguliwa na swali. Anayetaka kuwakusanya watu wamsifu Mbegha, achukue utenzi na aimbe. Anayetaka kukaa na mwanamke aliyefunika meno kwa kidole, asilazimishwe kutafuta kina cha kati.

Herufi moja

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa, nayo ni ya lugha. Bibi anasema Mbegha, kwa "gh" ya Kishambaa. Abdallah aliandika Mbega. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam akisikia "Mbega" anamwona yule mnyama mweusi mwenye manyoya meupe mabegani anayeruka kwenye miti ya msitu wa Magamba. Herufi moja imedondoka njiani, na mtu amegeuka kima. Anayesimulia kwa Kiswahili kile kilichosimuliwa kwa Kishambaa lazima alijue deni hilo. Maneno kama kuzifya shi niliyaeleza hapo juu kwa "kuiponya nchi", lakini bibi anapoyatamka mna mvua ndani yake, na mashamba, na watawala wasiogombana. Kiswahili changu kimebeba nusu.

Hata hivyo sikubali kwamba dawa ni kunyamaza. Wajukuu wengi wa bibi wako mijini, na Kishambaa chao ni cha salamu tu. Kisa kisipowafikia kwa Kiswahili hakitawafikia kabisa. Ninachoomba ni kwamba tuache maneno machache yasimame kwa Kishambaa chake, au Kisukuma chake, au Kihaya chake, na msomaji aombwe kuyafuata. Yeye ndiye mgeni aliyefika mlimani; apande kidogo.

Hitimisho

Likizo iliyofuata nilimsomea bibi yale maneno ya mama mwenye kidole. Safari hii alinikatiza. Alinitaka nirudie mstari wa wifi. Kisha akanyamaza muda mrefu, ungo umelala mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tulikuwa na mmoja." Akanieleza. Sitayaandika aliyonieleza, kwa sababu ni ya ukoo wetu na wahusika hawakuombwa ruhusa. Ila nilitambua pale kwamba maisha yangu yote nilidhani meno ya juu ni pambo la mwanzo wa hadithi, kitu cha kumpa shujaa ajabu. Kwa bibi hayakuwa pambo hata siku moja. Alikuwa amekisikiliza kisa cha Mbegha tangu utoto kama mtu anayesikiliza kesi ya jamaa yake.

Na kesi hiyo haijafungwa. Katika nchi hii, miaka ya 2000, watoto wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, na mara nyingine aliyewauza alikuwa mtu wa nyumbani. Mkosi na bahati, utabiri na bei, ndugu wanaonyima. Hayo si mambo ya hapo zamani za kale. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayemsimulia Mbegha upya na kumwanza kwa simba anatukosesha kisa tunachokihitaji: kisa cha mtoto aliyehukumiwa na wake, akalishwa na wasio wake.

Nawaomba wenzangu wenye vigego vyenu kutoka Ukerewe, Upare, Uhehe na Pemba mvilete hapa kurasani. Walimu wetu nao wasituulize tu dhamira na wahusika. Watuulize aliyepika alikuwa nani. Mimi narudi kuuandika tena "Mkungu". Bibi amekwisha kuniambia penye kasoro: mzee wangu anapanda mlima na ndizi mbivu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayekula nyama ya nguruwe kwa ndizi mbivu.